Mume wa Bima na Marehemu wa Jumatatu

Hajazaliwa mwanamume wa kunidanganya mimi, Hermencia Cifuentes, siku mbili mfululizo. Marehemu mume wangu alinidanganya miaka kumi na mmoja, lakini yule simhesabu. Alikuwa dereva wa lori, nyumbani haonekani, na mtu asiyeonekana ni vigumu kumkagua.

Naliandika hili mapema ili mpate cha kunicheka baadaye.

Kwa yule aliyefutia dirisha gazeti la Jumamosi iliyopita kabla hajalisoma, mambo yako hivi. Arcesio Oyuela, fundi wa malori aliyezeeka bila pensheni, amepanga chumba changu cha nyuma hapa Ibagué miaka kumi na tisa. Ni mtu wa kofia, maneno machache, na kodi inayokuja kwa mwendo wa kobe. Mlango mmoja wa moyo wake umekakamaa. Daktari bingwa alisema asipobadilishiwa mlango huo, Krismasi tutaila bila yeye.

Bima yake ya wasio na kipato ilimwambia apige simu mwezi ujao. Mwezi ujao akapiga. Wakamwambia mwezi ujao.

Mimi nina bima ya wachangiaji, kwa sababu nilishona suruali kiwandani mpaka macho yakachakaa, na pensheni yangu hukatwa kila mwezi. Bima hiyo haikubali kumwandikisha mpangaji. Haikubali rafiki wala dada. Inakubali mume, hata wa kuishi naye tu bila padri. Basi tukaenda kwa mthibitishaji wa viapo, tukainua mikono: yeye mgane, mimi mjane, tunaishi chini ya paa moja.

Paa ni moja kweli. Habari za kuta hawakuuliza.

Sasa nisikilizeni kuhusu hao watu wa bima. Serikali huwapa fungu kwa kila kichwa walichoandikisha, kichwa kiumwe kisiumwe. Kichwa kisichoumwa ni kuku anayetaga bila kudai mtama. Ndiyo maana nilipomwandikisha Arcesio, wakati wa Pasaka, hakuna aliyetaka kujua chochote. Walitupa kalenda na kalamu, wakatutakia maisha marefu.

Daktari wa zahanati ya mtaa naye hulipwa kwa vichwa, na akiwapeleka wengi kwa mabingwa fungu lake linanyofolewa. Huyo alimwambia Arcesio apunguze chumvi.

Kisha tukamfikia bingwa wa moyo, kwa njia ile niliyowasimulia, ya mimi kuzirai mlangoni. Kliniki yake hulipwa kwa kila kazi inayofanya. Huko walimpima moyo, figo na magoti, na kofia ingekuwa na damu wangeitoboa.

Mmoja anapata asipotibiwa. Mwingine anapata akitibiwa. Nimemtafuta mtu anayepata Arcesio akipona, nimejiona mimi peke yangu, na mimi ni mke wa uongo.

Bingwa alipoandika kwamba mlango wa moyo ubadilishwe, siku hiyo hiyo kuku akageuka hasara yenye kofia. Ghafla watu wa bima wakawa na hamu kubwa ya kujua kama tunalala kitanda kimoja.

Wakapiga simu: Jumatatu asubuhi mkaguzi anakuja nyumbani.

Jumapili mchana nilihamisha makubazi ya Arcesio, wembe wake na picha ya Bikira yake, nikaviingiza chumbani kwangu. Nikaweka mto wa pili kitandani. Nikamkalisha kama mtoto wa komunyo ya kwanza.

"Unalala upande gani?"

"Wa chumba changu."

"Arcesio."

"Basi niambie."

"Ukutani. Mimi nalala mlangoni kwa sababu ya choo."

"Hilo najua. Nasikia bawaba ile usiku wote. Nimesema mara ngapi niitie mafuta."

"Na mimi nakusikia unavyokoroma."

"Sikoromi."

"Siku usipokoroma naamka," nikasema.

Alicheka, na kicheko kikamgeukia. Akakaa akishika meza mpaka midomo ikaacha kuwa ya bluu. Nikajifanya natafuta chumvi. Hakuna chumvi tena nyumbani mwangu, lakini mtu lazima atafute kitu.

Jumatatu alivaa shati lake jeupe. Nilikuwa nimelipiga pasi, kama kila Jumatatu. Kwetu Jumatatu ni siku ya roho za marehemu. Watu huenda makaburini, huwasha mshumaa, hugonga kaburi mara tatu ili aliyelala ndani ajue kuna mgeni, kisha humweleza shida zao. Arcesio hakosi. Kila Jumatatu tangu ahamie kwangu anavaa shati hilo, anakwenda kwa marehemu mkewe Edelmira, anarudi jioni.

Sikuwahi kumsindikiza. Kilio cha mtu na mkewe si cha kuchungulia. Nami sina wa kumwendea, maana mifupa ya yule dereva wangu waliichukua ndugu zake, na hata alipokuwa hai niligonga hakujibu. Nilimwona Arcesio mwanamume wa aina yake, anayeshinda kutwa na mfu.

Mkaguzi alikuwa msichana, Yurani Bedoya, na viatu vyake vilikuwa vikimbana. Nilipomwona anavyosimama kwa mguu mmoja nikajua tunaanza vizuri.

"Mimi si polisi, bibi," akasema. "Nimekuja kuwatembelea tu."

"Wageni wa kutembelea huja na mkate, mwanangu. Keti."

Akamtoa Arcesio uani, akaanza na mimi jikoni, simu yake ikinasa sauti.

"Mzee anakunywa nini asubuhi?"

"Maji ya moto ya sukari guru na ndimu. Kahawa wamemkataza. Anaiiba."

"Anaogopa nini?"

Hilo hatukulifanyia mazoezi. Nikajibu kabla sijafikiri.

"Kulala chali. Akilala chali pumzi inapotea. Inapotea, nasubiri, halafu inarudi. Ikikawia nagonga ukuta."

Yurani akainua macho. "Ukuta?"

"Kitanda kiko ukutani, mwanangu. Ningegonga wapi?"

Akaniacha. Akaenda uani. Nikaegemea mlango wa jiko, maana nyumba ni yangu na masikio ni yangu.

"Unalala upande gani, mzee?"

"Mlangoni," akasema Arcesio.

Nikafumba macho.

"Bi Hermencia ndiye aliyesema mlangoni ni kwake," akasema Yurani kwa upole. Uongo, mimi hakuniuliza kitanda kabisa. Alikuwa anamtega, na nikaona viatu vinavyobana si upungufu wa akili.

Arcesio akavua kofia, akaitazama ndani kama kwamba jibu limeshonwa humo.

"Basi ni hivyo, binti. Katika nyumba hii nikisema mlangoni na yeye akasema mlangoni, mimi nalala ukutani."

Yurani akacheka. Nikapumua.

Alitoka akaenda dukani kwa Bi Rosalba, jirani, kumuuliza habari zetu. Rosalba na mimi hatusalimiani vizuri tangu ile habari ya unga wa mahindi niliyowaandikia mwaka huu. Nikajua tumekwisha. Baada ya dakika chache Yurani akarudi, na Rosalba nyuma yake, mikono kiunoni, amekuja kutoa ushahidi hadharani.

"Eti hawa ni mke na mume?" akasema Rosalba. "Binti, mtaa mzima unajua tangu zamani. Wamebaki wao tu kuambiana."

Arcesio akavaa kofia, akaivua, akaivaa. Rosalba akanitazama kama mtu aliyekopesha kitu, akarudi dukani.

Nikampa Yurani tamale, mahindi na nyama vilivyopikwa ndani ya jani. Sikumhonga. Mtu akija mkoani kwetu Tolima asubuhi akaondoka bila tamale na chokoleti ya moto, mwenye nyumba ndiye anayestahili kukaguliwa. Alifungua jani la mgomba akala akiwa amevua kiatu kimoja chini ya meza, na chakula kikamlegeza ulimi.

"Wanakulipa vizuri?" nikamuuliza.

"Wananilipa kwa ziara, bibi. Nikigundua mtu asiyestahili, akaondolewa, wananiongezea."

"Na ukigundua anayestahili?"

"Hiyo ni nauli tu."

"Na leo una hamu ya nauli?"

Akatafuna, akameza. "Leo nina hamu ya kumaliza. Nyinyi mnaishi pamoja, hilo nimeliona. Limebaki jambo moja dogo." Akapekua simu yake. "Mzee Arcesio aliapa kuwa ni mgane. Ndoa ya kwanza ninaiona, ilifungwa kanisani Espinal, mji wa jirani. Kifo cha mke sijakiona popote."

"Kilipotea," akasema Arcesio haraka.

"Kifo?"

"Cheti."

"Basi mzee, tutaomba nakala huko Espinal. Itachukua majuma kadhaa. Mpaka ifike, kibali cha operesheni kinasubiri."

Majuma kadhaa. Nilimtazama Arcesio midomo. Majuma kadhaa hayakuwa yetu.

Hapo ndipo nilipokuwa mjanja. Kumbukeni neno hilo.

"Cheti cha nini na kaburi lipo?" nikasema. "Leo ni Jumatatu. Huyu mwanamume hajakosa Jumatatu hata moja. Shati hilo amelivaa kwa ajili ya marehemu. Twende sote ukalione, upige picha, uwapelekee wakubwa zako."

Yurani akafikiri. "Picha ya kaburi lenye jina wanaikubali kwa muda," akasema. "Naweza kuandika hivyo."

"Umeona, Arcesio?"

Arcesio alikuwa mweupe kama shati. Nikadhani ni mlango wa moyo.

"Kwa jua hili, Hermencia?"

"Jumatatu nyingine zote jua lilikuwa likizo?"

"Edelmira hapendi watu."

"Amefariki, Arcesio. Atavumilia."

Tukaenda kwa teksi, mimi nikiwa katikati, nimenyooka kama mke wa meya. Kwenye geti la makaburi, muuzaji wa maua akamwambia Arcesio, "Karibu mgeni, nikuchagulie yapi?" Nikasema moyoni huyu mama ni mpya hapa kazini. Alikuwa na kiti kilichochimba shimo chini kwa kukaliwa, lakini mimi niliamua ni mpya.

Arcesio alinunua maua meupe. Akatangulia. Alisimama kila kona kuvuta pumzi, na kila kona alitazama kushoto na kulia kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Nikamwonea huruma. Nikamwambia Yurani, "Huzuni humpoteza njia."

Tukapita kwa matajiri wenye malaika wa marumaru. Tukafika kwenye kuta ndefu, zile zenye vyumba vya kuzikia vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja na bamba lake la jina. Arcesio akatembea kando ya ukuta wa kwanza, polepole, mpaka akafika chumba kimoja kisicho na bamba. Kilikuwa kimezibwa saruji tupu.

Akavua kofia.

"Ni hapa," akasema.

"Mbona hakina jina, mzee?" akauliza Yurani.

"Bamba waliliiba. Lilikuwa la shaba."

Hilo lilikuwa na maana. Hapa kwetu wanaiba hata misumari ya msalaba. Yurani akatikisa kichwa kwa huruma. "Basi gonga, mzee, nitakunasa ukigonga. Nitaeleza habari ya bamba."

Arcesio akaweka maua chini. Akakunja kidole, akagonga saruji mara tatu. Akainamisha kichwa. Midomo yake ikawa inacheza, nami nikainamisha changu. Nilimwambia Edelmira, samahani mama, ninamwazima tu, nitamtunza, na wewe nisaidie huu mlango ufunguke.

Nakiri kwamba neno "ninamwazima" lilinikwama kidogo.

"Mzee, samahani."

Sauti ilitoka juu. Fundi wa makaburi alikuwa kwenye ngazi, mwiko mkononi, akiziba chumba cha safu ya tatu. Baadaye nilijua anaitwa Evelio.

"Unamgongea nani hapo?"

"Mke wangu," akasema Arcesio bila kuinua kichwa.

"Alizikwa lini?"

Nikamjibia mimi, kwa mazoea. "Kabla hajahamia kwangu. Miaka ishirini itafika."

Evelio akashuka ngazi taratibu, akafuta mikono kwenye suruali.

"Mama, huu ni ukuta wa kukodi. Hapa mtu analala miaka minne, kisha tunatoa mifupa, anapisha mwingine. Hata angekuwa askofu angeshahama mara nne. Na hicho chumba hakina mtu tangu Februari. Nilikiziba mwenyewe popo wasizaane."

Nami nilijua habari hiyo ya miaka minne. Kila mtu wa Ibagué anaijua. Mama yangu mzazi nilimtoa kwenye ukuta kama huo kwa mikono yangu, nikamweka kwenye kisanduku, nikampeleka kanisani. Nilipita mbele ya ukuta ule na Arcesio nisikumbuke, kwa sababu nilikuwa nashinda, na mtu anayeshinda haoni ukuta.

Kisha mengine yote yakanijia kwa pamoja. Muuzaji wa maua na kiti chake. Kurudi jioni. Shati. Miaka kumi na tisa ya kupuliza maji kwenye kola, kunyoosha mikono, kurudia kola kwa sababu yeye ni mtu wa kola.

Yurani alishusha simu. Hakuonekana kama mtu aliyeongezewa mshahara.

"Mzee," akasema, "uliapa kuwa ni mgane. Kama si kweli, kiapo kinaanguka. Kiapo kikianguka wewe si mtegemezi wa Bi Hermencia, na kibali cha moyo kinaanguka nacho. Siwezi kulificha hili. Kuna shahidi." Akamtazama Evelio, ambaye alitazama mwiko wake kwa aibu.

"Binti hajamaliza kuuliza," nikasema. "Mzee wangu amechanganyikiwa. Mwambie, Arcesio. Mwambie kwamba mifupa uliitoa, ukaihamishia kanisani Espinal. Kwenye ukuta huu unakuja kwa mazoea tu. Wazee hufanya hivyo."

Nilimpa uongo mzuri, uliokwisha kupigwa pasi kama shati lake. Alichotakiwa ni kuuvaa tu. Yurani mwenyewe aliungoja, niliona. Alikuwa tayari kurudi na nauli.

Arcesio alinitazama. Akainama kwa shida, akayaokota yale maua kutoka chini, akapangusa vumbi shina moja moja.

"Edelmira hajahama, Hermencia," akasema. "Yuko Espinal, palepale nilipomwacha."

"Kanisani," nikasema.

"Nyumbani."

Akavaa kofia, akatazama jua lilipofika.

"Na Jumatatu hapendi nichelewe."